Mama Anakimbia, Sufuria Haikimbii

Wazee wanasimulia kwamba zamani ukimwona mtu mzima anakimbia barabarani hapa Dar es Salaam, basi ama anamfukuza mwizi, ama yeye ndiye mwizi, ama daladala ya mwisho inaondoka. Siku hizi mambo yamebadilika. Amka saa kumi na moja alfajiri, chungulia dirishani, utawaona wanapita. Raba miguuni, simu imefungwa mkononi, jasho linatiririka kabla hata jogoo hawajamaliza zamu yao. Jumapili ndiyo usiseme. Vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala vinajaza barabara kwa tisheti za rangi moja, wanaimba kama tulivyoimba kwenye mchakamchaka shule ya msingi (wale mliopelekwa shule na basi la njano mtanisamehe, hapo hamtanielewa). Daraja la Tanzanite tangu lifunguliwe mwaka 2022 limekuwa uwanja wa mazoezi. Kila mwaka watu wanajazana kwenye mabasi kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003, wengine kwa kilomita 5 tu na picha. Na Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila mtu mtaani kwetu aligundua ghafla kwamba damu ya kukimbia anayo.

Mimi nafurahi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua yanayofuata yatawaudhi wakimbiaji, na mkimbiaji akiudhika ana pumzi ya kubishana.

Hoja yangu ni hii. Nyumba nyingi ninazozijua zina mkimbiaji mmoja. Ni baba au ni mama. Anaamka peke yake, anakimbia peke yake, anarudi anaoga, halafu anakaa mezani na kula kile kile walichokula jana na juzi, pamoja na watoto ambao hawajakimbia hata hatua moja wiki nzima. Halafu nyumba nzima inajihesabu kuwa ni "familia ya mazoezi". Jamani, hakuna mtu anayekimbia kwa niaba ya mwenzake. Huo si mchango wa harusi kwamba baba akishatoa basi tumetoa wote.

Nitatoa mfano wa dada yangu mkubwa, na ruhusa amenipa. Ni mama wa watoto watatu, anaishi Kimara, anafanya kazi ya uhasibu katikati ya jiji. Alianza kukimbia mwaka 2020. Hakuanza kwa sababu ya fasheni. Mwishoni mwa 2019 Mzee wetu alianguka bafuni. Kiharusi, akiwa na miaka 58. Mzee hakuwa mlevi, sigara hakuijua. Alikuwa mtu wa kula vizuri kwa ile maana yetu ya kula vizuri: wali wa nazi, nyama yenye mafuta yake, chai ya vijiko vinne vya sukari, na kitambi ambacho majirani walikiita kitambi cha heshima. Presha hakuwahi kupima hata siku moja, maana alikuwa haumwi. Leo mkono wake wa kushoto haumsikii. Anakaa chini ya mwembe kule Morogoro, na mama ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Wala Mzee si mtu wa ajabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 ana presha, na karibu 9 kati ya kila 100 wana kisukari. Tafiti za afya ya uzazi nazo zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi wameongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 miaka mitano hivi baadaye. Hizo ni takwimu za nchi nzima, vijijini kukiwemo, ambako watu bado wanalima kwa jembe. Sisi wa mjini tunaokaa ofisini, kwenye foleni, kisha kwenye kochi, tujipigie hesabu wenyewe.

Kwa hiyo dada alipovaa raba alikuwa anamkimbia Mzee, kwa maana ya kile kilichompata Mzee. Na tuwe wakweli, mwanamke kukimbia katika jiji hili si lelemama. Miezi ya mwanzo alikuwa anatoka nyumbani amejifunga khanga juu ya suruali yake ya mazoezi, akifika barabara kubwa ndipo anaivua na kuifunga kiunoni. Kuna mbwa. Kuna giza. Kuna bodaboda zinazopita upande wowote zinaojisikia. Na kuna wale vijana wa kijiweni ambao sijui hulala saa ngapi, wanaopiga kelele, "Mama, punguza mwendo, nyama zitaisha!"

Lakini maneno ya vijiweni yana nafuu. Yaliyomuuma yalitoka ndani. Alipopungua kilo kama nane hivi, mama mkwe wake alimwita chumbani, akafunga mlango, akamwambia, "Mwanangu, unaumwa? Mimi ni mama yako, niambie." Marafiki wa shemeji nao wakaanza utani kwamba jamaa hamlishi mkewe. Tusisahau tulikotoka. Miaka ya 90 mtu akipungua ghafla mtaa mzima ulinong'ona, na kila mtu alijua kinachonong'onwa. Hofu ile haijaondoka, imebadilisha nguo tu. Na juu yake tukaweka imani nyingine, kwamba mwili wa mke ndiyo taarifa ya benki ya mume. Mke akinenepa, biashara inakwenda. Akikonda, tuulizane kulikoni. Sasa mwambie mwanamke anayeishi katikati ya maneno hayo kwamba afya ni uamuzi wake binafsi!

Haya, turudi jikoni, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anachoma takriban kalori 350. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Maana yake mbio zote za alfajiri, mbwa na bodaboda na matusi ndani yake, ni sawa na vijiko vitatu vya mafuta. Vitatu! Na wewe unajua vizuri kwamba nyumbani kwako hakuna anayepima mafuta kwa kijiko. Yanamiminwa kutoka kwenye dumu hadi roho ya mpishi iridhike. Chipsi mayai ya kibandani sitaki hata kuigusa, ile inakurudishia kilomita zako zote na chenji juu.

Simaanishi kwamba kukimbia ni kazi bure. Moyo unapata nguvu, presha inashuka, usingizi unakuwa mzuri, hata kama mzani hausogei. Dada mwenyewe anasema kilichombakiza barabarani ni kichwa chake, kwamba ile saa moja ndiyo pekee kwa siku ambayo hakuna anayemwita mama. Lakini kama lengo ni familia isifike kule chini ya mwembe, basi raba peke yake haitoshi, na mtu wa pili wa kumtafuta baada ya mkimbiaji ni yule aliyeshika dumu la mafuta.

Nani huyo? Katika nyumba za watu kama sisi, wasomi, wafanyakazi, tunaotoka saa kumi na mbili na kurudi saa mbili usiku, anayeshika dumu ni dada wa kazi. Waziri wa afya wa nyumba zetu ni binti wa miaka 20 na kitu kutoka mkoani, ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja. Tunasoma makala za lishe kwenye simu, tunabishana na wenzetu ofisini kuhusu wanga na protini, tukifika nyumbani tunapaza sauti kutoka sebuleni: "Nilisema punguza mafuta!" Kwa nini apunguze? Kiasi gani? Akipunguza na baba akasema chakula leo hakina ladha, atasimama upande wake nani? Hatujamwambia. Tumemwachia lawama, siri ya mapishi mapya tumebaki nayo.

Dada yangu naye alipita humo humo. Mwaka wa kwanza alikwenda supamaketi akarudi na mifuko: shayiri ya kopo, mafuta ya zeituni kwenye kichupa, mkate wa kahawia, mbegu ambazo hata jina lake hatulijui. Watoto waligoma. Shemeji alionja mara moja akauliza kama kuna mgonjwa. Ikaishia nyumba kuwa na sufuria mbili, ndogo ya mama na kubwa ya wengine wote, na dada wa kazi akawa anapika mara mbili kwa mshahara ule ule. Fedha ilikwenda, na meza ikagawanyika. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kutangaza kwamba kula vizuri ni mambo ya matajiri.

Kilichobadilisha mambo ni mazungumzo ya jioni moja umeme ulipokatika. Dada akamweleza yule binti habari ya Mzee, kiharusi, presha, kwa nini anakimbia, anachokiogopa. Binti anatoka Singida. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa mshangao, "Kwani dada, mnataka chakula kama cha kwetu?" Maana kwao wamekula ugali wa uwele na mtama, mlenda wenye karanga, kunde, maboga, majani ya kunde. Alipokuja mjini alifundishwa, na sisi sisi, kwamba hivyo ni vyakula vya shida, na kwamba kupika kistaarabu ni kukaanga kila kitu mpaka kielee. Alikuwa ameyasahau mapishi ya bibi yake kwa ajili ya kutufurahisha.

Tangu hapo supamaketi ilipumzika. Sembe ikaanza kuachia nafasi dona, ambayo bado ina pumba zake na kiini chake, yaani vile vitu vizuri tunavyolipa mashine ivitoe halafu tunavitafuta kwenye vidonge. Mlenda ulipigwa vita wiki mbili, sasa mtoto wa kati anaudai. Dagaa, maharage, mchicha, matembele, parachichi likiwa msimu wake, papai lile lile linalooza chini ya miti Kimara yote. Mafuta yanapimwa kwa kijiko, na dumu la lita 5 lililokuwa likiisha wiki mbili linavuka mwezi. Wali wa nazi haujafukuzwa, una siku yake Jumapili, na nakuapia umekuwa mtamu zaidi kwa kungojewa. Sufuria ni moja.

Nilimuuliza dada swali la kimbea: binti amekuwa mpishi mkuu na mshauri wa lishe, je, mshahara? Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe kaandike makala zako." Mwezi uliofuata aliuongeza. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanaosifia mabadiliko ya ulaji nyumbani wanasahau kwamba kuchambua mlenda, kuloweka kunde na kutwanga karanga ni kazi, na kazi ina bei yake. Chipsi ni rahisi. Ndiyo maana zinashinda.

Watoto ni habari nyingine. Hapo ndipo dada anapigana vita ambayo haiko mikononi mwake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kwa siku, kwa wastani, za kuushughulisha mwili kisawasawa. Dakika 60 si kitu. Kizazi cha wazazi wetu walizimaliza kwa kuchota maji tu. Sasa tazama ratiba ya mpwa wangu wa miaka tisa. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anakaa kwenye basi, anakaa darasani, anakaa kwenye masomo ya ziada, anakaa tena kwenye basi, anashuka Kimara saa kumi na moja jioni. Halafu kazi za nyumbani, amekaa. Jumamosi masomo ya ziada. Huyu mtoto ana saa za kukaa kuliko mhasibu wa serikali. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, ila darasa la nne na la saba kinageuzwa hesabu kwa sababu ya mitihani ya taifa.

Na katikati ya kukaa huko anakula nini? Ubuyu wa rangi, kripsi, barafu, na soda kila mwenzake anaposherehekea siku ya kuzaliwa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, kama vijiko nane au tisa vya chai. Shirika hilo hilo linashauri kwamba hata mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku asivuke gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana ziwe 25 tu. Lakini wewe nenda kamwambie Mtanzania kwamba mgeni asipewe soda. Utaitwa bahili mpaka kaburini. Soda kwetu ni heshima, ni pole, ni hongera, ni asante ya kwenda ukweni. Dada hakuipiga marufuku. Aliacha kuiweka kwenye friji, basi. Mgeni akija mtoto anatumwa dukani. Nilicheka nilipoona inavyofanya kazi: uvivu wa kutumwa umeishinda hamu ya soda.

Jumapili anawatoa wote watatu. Mdogo wa miaka sita anakimbia hatua hamsini na kudai kubebwa. Wa kati ana pafu la Kimbulu, sijui kalitoa wapi, ukoo wetu wote ni wa Kiluguru. Mkubwa, binti wa miaka 13, amegoma tangu vijana wa bodaboda walipomtolea maneno, na mimi simlaumu. Badala yake anaruka kamba uani na yule dada wa kazi, jioni, wakicheka. Ndiyo, uani. Kwa sababu ukitaka kiwanja cha wazi ambacho mtoto wa kike anaweza kukimbia bila kusumbuliwa, utazunguka mtaa mzima na utakuta ukuta, gereji na baa. Ramani za mipango miji zina viwanja vya michezo vizuri tu. Ardhini vina wenyewe.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wazo zuri, na wakubwa tuliwaona wakikimbia mbele ya kamera zetu. Mwaka huo huo Kigali nao walianza siku yao ya kukimbia, ila wao walifunga barabara. Gari halipiti, mtoto anapita. Hapo ndipo tofauti ilipo: sisi tuliwahimiza watu, wenzetu waliwapa nafasi. Himizo halimzuii bodaboda. Na hizi siku za mazoezi zinazoishia kwenye supu ya kongoro, chapati tatu na bia baridi saa nne asubuhi, wakubwa wangu wa vikundi vya jogingi, hilo mnalijua wenyewe, leo sitawasema sana.

Shemeji bado hakimbii. Anasema magoti. Ijumaa yake ya nyama choma iko pale pale, ila amepima presha mara mbili mwaka huu bila kulazimishwa, na kwa mwanaume wa umri wake katika nchi hii hilo si jambo dogo.

Kwa sasa dada ameihamishia vita shuleni. Mwezi uliopita alipeleka barua ya ukurasa mmoja. Aliomba mambo mawili: kipindi cha michezo cha darasa la nne kirudishwe, na duka la ndani ya shule liuze matunda na karanga pamoja na hizo kripsi. Alijibiwa kwa heshima kwamba wazazi wengi wanalipa ada kwa ajili ya ufaulu. Akajibu kwamba yeye pia ni mzazi na ada analipa, na akaomba suala lake liingizwe kwenye ajenda za kikao cha wazazi. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mpaka jana usiku alikuwa na wazazi wanne upande wake, mmoja wao ni baba anayekimbia naye alfajiri barabara ile ile na ambaye walikuwa hawajawahi kusalimiana zaidi ya kupungiana mkono.